Mtutu Uliotafutiwa Bitana

Simu ilikuja baada ya sala ya isha, kutoka kwa shemeji yangu wa Wete, kisiwani Pemba. "Mwalimu, hivi Unguja nzima hakuna fundi wa bunduki?"

Miaka ya kusomesha ufundi wa vyuma skuli imenizoesha simu za usiku. Huyu pampu yake imekwama, yule cherehani haishiki uzi, mwengine ana kufuli la mlango wa kale na aliyejua ufunguo ulipo ameshazikwa. Bunduki ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Ami yake shemeji alikuwa amefariki. Katika kukusanya vilivyobaki, darini ikateremshwa bunduki ndefu iliyoviringishwa kwenye mkeka. Ukoo wote waliijua kwa kusikia. Walioiona kwa macho hawafiki watano. Inasemwa babu wa marehemu aliibeba upande wa Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Unguja, ile asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoipiga kasri ya Forodhani na vita vikaanza na kwisha ndani ya saa moja. Mjukuu mmoja aliyeko Maskati alishatuma riali 400 za matengenezo. Alikuwa ameonyeshwa picha za mdomo wa mtutu, akazikuza kwenye simu yake, akaona ndani ni laini kama bomba la maji, hakuna mfereji hata mmoja wa kuizungusha risasi. Hukumu yake: mtutu umeliwa, utiwe bitana. Maana yake uchimbwe kwa ndani upanuke, kisha uvikwe bomba jipya jembamba lenye mifereji yake.

Neno bitana ni lake yeye, na nimelipenda. Fundi cherehani anaijua kazi hiyo: koti nje bado zuri, ndani limechakaa, basi unalitia kitambaa kipya na mwenye koti anatoka nalo. Kwenye bunduki ufundi huo upo kweli, wa siku nyingi.

Nilimwuliza shemeji mambo mawili. Mmehakikisha haina kitu ndani? Akanyamaza. Polisi wanajua? Akanyamaza zaidi.

Kisa hiki nakiandika kwa sababu watu watatu wenye akili zao walikuwa wameshautolea uamuzi mtutu ule, na hakuna hata mmoja aliyeutazama kwa upande wa nyuma.

Ufito wa mkoko

Nilivuka kwa boti nikiwa na futi ya kupimia, tochi na ufito wa mkoko ulionyooka. Nyumba ilinukia karafuu, maana chumba cha pili kilikuwa na magunia. Bunduki imelazwa juu ya mkeka wake katikati ya barza, na watoto wameizunguka kama samaki mkubwa aliyetolewa baharini. Kazi yangu ya kwanza ikawa kuwaondoa watu wote mbele ya mdomo, shangazi akiwemo, naye hakufurahi.

Ilikuwa Snider. Ukizijua huzikosei: bunduki ndefu ya kijeshi yenye pete tatu zinazobana mtutu na mbao, na nyuma ya mtutu kuna kizibo cha chuma chenye bawaba upande wa kulia. Kizibo hicho hufunguka kama kifuniko cha kasha, unatia risasi, unafunga. Kwenye bamba la mtambo palikuwa na taji, herufi VR za Malkia Victoria, neno TOWER na mwaka 1862. Mwaka huo ulikuwa umeleta ubishi nyumbani, kwani vijana walisoma kwamba Snider zilianza kutumiwa na jeshi la Uingereza 1866. Vyote viwili ni kweli. Bunduki nyingi za mwanzo zilikuwa gobore za Enfield za mtindo wa 1853, zilizoshindiliwa kwa mdomo. Mmarekani mmoja, Jacob Snider, alibuni njia ya kuukata mtutu nyuma na kuuwekea kizibo hicho. Gobore la 1862 likazaliwa upya bila kufutwa tarehe yake.

Kizibo kilikuwa kimegandana kwa kutu. Hakifunguki, kwa hiyo huwezi kuchungulia na kusema haina kitu. Hapo ndipo ufito unapofanya kazi. Kwa nje nilipima kutoka mdomoni hadi uso wa kizibo: inchi 36 na nusu. Nikautumbukiza ufito taratibu, ukaenda, ukaenda, ukagota. Nikaubana kwa kidole pale mdomoni, nikautoa, nikaulaza juu ya futi. Inchi 32.

Inchi 4 na nusu hazionekani zimekwenda wapi. Risasi ya Snider na ganda lake ina urefu wa kiasi cha inchi 2 na nusu, inaenea humo na nafasi inabaki. Nikaulaza ufito chini na kumwambia shemeji kuwa kuanzia dakika ile hii si urithi, ni silaha ambayo huenda ina kitu ndani, na hakuna atakayeigusa tena mpaka tumwone sheha, mkuu wa mtaa.

Shemeji alikuwa na hoja yake. Mjukuu wa Maskati alimtumia maelezo kwamba bunduki ya namna hii ni kitu cha kale na haihitaji kibali. Nilipoyasoma nikaona ni maelezo ya Uingereza. Kule, Snider ya kipenyo cha inchi .577 imo kwenye orodha ya silaha ambazo risasi zake zimepitwa na wakati, na mtu anaweza kuiweka nyumbani kama pambo mradi hana nia ya kuipiga. Akitaka kuipiga tu, anarudi kwenye vibali kama wenzake. Sheria hiyo haivuki bahari ikaja kuishi Wete. Hata huko kwao isingemfaa mjukuu, kwani yeye alitaka kuitengeneza ili ifanye kazi.

Sheha alituandikia barua na akafuatana nasi hadi kituoni. Hatukuibeba bunduki, tuliwaambia iko wapi, na askari wakaja kuichukua wenyewe. Nilitegemea makaripio kwa miaka yote iliyokaa darini. Afande wa ghala la silaha aliuliza tu nani aliyepima kwa fito, nikasema ni mimi, akasema, "Basi utanisaidia kuifungua."

Bomba la mabati

Kwa kuwa kizibo kilihitaji siku kadhaa za kulowekwa mafuta, nilirudi Unguja. Nikagundua kwamba kijana mwengine wa ukoo alikuwa ameshapeleka picha kwa fundi kereza mmoja, na fundi amesema kazi inawezekana, laki tatu. Nikamfuata.

Fundi huyu simlaumu. Shafti za boti anazikereza vizuri mno, na alipoona mtutu aliona shafti yenye tundu. Alinionyesha keekee lake refu kuliko yote, halafu akatoa chini ya meza kipande cha bomba alichokuwa amekiandaa. Nilikigeuza mkononi. Lilikuwa bomba la maji lililopakwa zinki, na ndani, ukipitisha kidole, unausikia mshono wake unakwaruza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mzee, hapa patapasuka," nilimwambia, nikamwekea kidole chake mwenyewe juu ya mshono.

Akaupapasa, akacheka. "Mimi walisema ni ya kutundika ukutani."

Jibu hilo lilinifanya nikae. Kama ni ya ukutani, bomba la nini?

Lakini tuliendelea kuzungumza ufundi, na mwenyewe akakiri tatizo la keekee. Tundu la karibu sentimita 93 halitobolewi kwa keekee la kawaida likabaki katikati. Keekee hufuata pale chuma kilipo laini, linatangatanga, na ukifika nusu ya safari ukuta mmoja umekuwa mnene na wa pili umekonda. Mitutu hii hupungua unene kuelekea mdomoni. Wenye kazi hii huko ilikozoeleka hutumia keekee la pekee linaloongozwa na tundu lililopo, mafuta yakisukumwa ndani muda wote kutoa vumbi la chuma, kisha bitana hushikizwa kwa madini ya kulehemia au kwa gundi kali. Bitana yenyewe ni chuma kizima kisicho na mshono, kimechongwa mifereji kiwandani.

Uingereza mtutu uliofanyiwa hivyo haurudi kwa mwenyewe moja kwa moja. Sheria yao ya 1868 ya kupima mitutu inataka upelekwe tena kwenye nyumba ya majaribio, ya London au ya Birmingham, upigwe kwa shindilio la baruti zito kupita kawaida, na ukistahimili ndipo ugongwe muhuri mpya. Ya Birmingham imekuwepo tangu 1813. Kwa hiyo aliyetaka kweli bitana kwa bunduki ya Wete angehitaji vibali vya kuisafirisha, fundi wa ng'ambo, malipo ya majaribio na nauli ya kwenda na kurudi. Riali 400 zingeishia njiani.

Tulichokiona kwa nyuma

Siku ya nne ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili ya giaboksi, kizibo kilitikisika. Tulikuwa kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, mdomo umeelekezwa kwenye rundo la mifuko ya mchanga. Afande alikifungua kwa kidole gumba, polepole, mwili wake wote ukiwa kando.

Hapakuwa na risasi. Palikuwa na kitambaa. Mtu, miaka mingi nyuma, alikuwa ameziba mdomo wa bunduki kwa tambara la kaniki ili vumbi lisiingie, na mwengine baadaye akalisukuma ndani kwa mdeki, fimbo ya kushindilia. Lilishuka hadi nyuma likakaa. Juu yake nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo, nayo ikadondoka nzima kiganjani mwa afande, yenye vyumba vinne vitupu. Inchi 4 na nusu zangu.

Tulipotoa vyote na kupitisha brashi, afande akatia tochi mdomoni nami nikachungulia kwa nyuma. Mifereji mitatu. Mipana, imepinda kwa upole, ipo wazi kama mistari ya kiganja.

Hapa ndipo kisa kizima kilipogeuka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtutu wa Enfield wa 1853, ambao Snider ndefu iliurithi, una mambo mawili yanayomdanganya anayechungulia kwa mbele. La kwanza, mifereji yake haina kina kimoja. Nyuma ina kina cha kiasi cha thuluthi ya milimita, halafu kinapungua kadiri unavyokwenda mbele, hata mdomoni kikabaki kama sehemu moja ya nane ya milimita, unene wa karatasi ya daftari na ziada kidogo. Iliundwa hivyo makusudi enzi ya gobore, risasi ishike vizuri nyuma na ibanwe zaidi inapotoka. La pili ni mzunguko. Mifereji hiyo hukamilisha duara moja kwa kila inchi 78, karibu mita 2. Mtutu wa inchi 36 na nusu haupati hata nusu duara. Aliyezoea picha za mitutu ya kisasa, yenye mifereji inayojisokota kama skrubu, akitazama mdomo wa Snider, na tena umepakwa kutu kidogo, lazima aseme pamekwisha.

Mjukuu hakuwa mjinga. Alitazama mahali ambapo mifereji ilikusudiwa isionekane sana.

Madhara yalikuwepo, lakini kwengine. Pale tambara lilipokalia, ukutani mwa mtutu palikuwa na mashimo ya kutu, mengine ya kuingia ncha ya sindano ya kushonea magunia. Kitambaa hunywa unyevu wa masika na hewa ya chumvi, kisha hakiuachi. Na kama bunduki ilipigwa kabla ya kuzibwa, masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta maji kutoka hewani. Chumvi hizo haziondoki kwa mafuta, zinataka maji ya moto. Kwa harufu na utando wa njano uliokuwa kwenye mbao, nadhani wazee waliipaka mafuta ya nazi. Mapenzi yalikuwepo. Mafuta ya nazi yakichacha hutoa asidi, na asidi juu ya chuma ni hadithi nyengine.

Kuna alama moja tuliyoitafuta tukaikosa. Snider zilizotengenezwa baadaye kwa mtindo wa tatu zina mtutu wa feleji, umegongwa neno STEEL juu yake, na kizibo chenye komeo la kukishika kisifunguke wakati wa mlipuko. Hii haina neno hilo wala komeo. Ni mtutu wa chuma cha kufuliwa wa kizazi cha kwanza, na kizibo kinakaa mahali pake kwa kubanwa tu. Mtutu kama huo, wenye mashimo ya kutu jirani kabisa na pale baruti inapowakia, ndipo unataka kuukondesha zaidi kwa keekee?

Swali ambalo halikuulizwa

Nikampigia mjukuu Maskati. Nilimweleza habari ya mifereji, akafurahi, kisha akauliza lini basi itatengenezwa.

"Itengenezwe ifanye nini, mwanangu?"

"Ilie. Harusi ya kijana wangu, tukicheza razha, ngoma yetu ya panga, nataka ilie mara moja tu. Babu yake alikuwa nayo."

Baruti tupu, bila risasi. Mifereji ipo kwa ajili ya risasi, ili izunguke angani isiyumbe. Moshi na kishindo havina haja ya mifereji. Wa Wete walitaka kuitundika ukutani, na ukuta hauna haja ya mifereji. Mtu pekee ambaye bitana ingemfaa ni mpiga shabaha anayetaka kugonga alama kwa mbali, na mtu huyo hakuwemo katika ukoo wote. Huku kinachohatarisha roho katika kuliza bunduki kama ile, yaani kizibo kisicho na komeo na mashimo ya nyuma, bitana inayoishia mbele ya kizibo isingegusa hata chembe ya hatari ya kizibo.

Nilimwambia wazi: isilizwe. Si kwa harusi, si kwa sikukuu. Alinyamaza muda, nikasikia magari ya kwao yakipita. Kisha akauliza kama basi angalau ni kweli ilikuwa ya vita vya Khalid.

Hilo ni gumu kulithibitisha kwa chuma peke yake, nikamweleza ninachoweza. Jeshi la Sultani lililoanzishwa 1877 chini ya Luteni Lloyd Mathews lilipewa Snider na Waingereza, kwa hiyo aina inalingana na hadithi. Lakini Snider zilimwagika pwani hii kwa biashara pia, baada ya Uingereza kuhamia bunduki mpya ya Martini-Henry kuanzia 1871, na bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa silaha hadi Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia bunduki za kutia risasi kwa nyuma zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Juu ya mbao za hii hapana namba ya kikosi. Pana herufi mbili za Kiarabu, alif na sin, zimekatwa kwa kisu upande wa kushoto wa kitako, mahali shavu linapoegemea. Nilizipiga picha kwa mwanga wa ubavuni nikamtumia. Hakunijibu siku ile. Kesho yake aliandika kwamba jina la babu wa marehemu lilianza na alif, na la baba yake na sin.

Nikazifikiria herufi hizo mkononi mwa fundi kereza: angeifunga bunduki kwenye mashine yake kwa kubana, na bila shaka angeivua mbao kwanza. Mbao za miaka zaidi ya 150 huvuliwa mara moja kwa usalama, mara ya pili kwa bahati.

Palipofikia

Tulikubaliana hivi: hakuna bitana, hakuna kulehemu, hakuna msasa. Kwa ruhusa ya afande nilipitisha maji ya moto mtutuni mpaka yakatoka safi, nikakausha kwa vitambaa vikavu na jua la saa nne asubuhi, nikapaka mafuta mepesi ya cherehani ndani na nta nyembamba nje. Kutu nyekundu niliipunguza kwa brashi laini; ile nyeusi iliyotulia niliiacha, hiyo haili chuma tena. Herufi mbili za kitako sikuzigusa.

Maombi ya ukoo ya kuihifadhi yako kituoni, na walishashauriwa pia wazungumze na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kama polisi hawataridhia ikae nyumbani. Shangazi anataka irudi. Mjukuu ameelekeza riali zake kwenye bati za lile dari, ambalo lilikuwa linavuja juu kabisa ya pale ulipokuwa mkeka.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Pemba kwa shughuli nyengine, nikapita ghalani kuiangalia. Imesimamishwa vizuri kwenye rafu, haina vumbi, mafuta bado yanang'aa. Na mdomoni, limekunjwa kwa adabu na kusukumwa kwa ndani kiasi cha kifundo kimoja cha kidole, palikuwa na tambara jeupe, jipya, safi.

"Nimeliziba, Mwalimu," afande akaniambia, "mdudu asiingie."